Safari ya Mzee Erastus Wesonga, Aliyekataza Machozi

Mzee Erastus Wesonga alizaliwa Butere tarehe 4 Mei 1958, mwana wa tatu wa mama mjane. Darasa la saba alipita vizuri, lakini shule ya upili hakuiona. Mwaka 1977 alikuja Thika, akasokota nyuzi kiwandani hadi kiwanda kikafungwa. Ndipo akaanzisha kanisa lake mtaani Landless.

Alimwoa Selpha mwaka 1990, wakajaliwa Dalmas, Dorine na Mitchell. Mahubiri yake yalikuwa yale yale: binadamu ni roho iliyo safarini, na dunia ni steji tu ya kungojea matatu. Paa la nyumba yao Kiganjo lilivuja miaka na miaka. Selpha akilalamika, mzee alimjibu, "Mama Dalmas, ulishaona nani akiezeka steji?" Waumini walicheka. Selpha alitega sufuria, ikijaa akamwaga maji.

Kanisani mwake, kulia kaburini kulikuwa dhambi. Agosti 2009 Mitchell alikufa kwa nimonia, akiwa na miaka tisa. Selpha alipoangua kilio, mzee aliamuru atolewe nje ya lango la makaburi. "Mtoto ametangulia kwa Baba. Unalia nini?" Akina mama wawili wakamshika mikono, na jeneza likashushwa mama mtu hayupo. Huo ulikuwa ukatili, na leo unasemwa wazi.

Kisukari kilimpata mzee mwaka 2019, kikala figo, hata akalazwa hospitalini Ruiru Januari mwaka huu. Hapo mhubiri wa safari hakutaka kusafiri. Aling'ang'ania chuma cha kitanda, machozi yakimtiririka.

"Selpha, sitaki kwenda! Waambie waniongezee dawa!"

Selpha alimpangusa uso polepole. "Baba Dalmas, si ni safari? Unalia nini?"

Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Februari 2025, ameelekea ukutani.

Ameacha mjane, Selpha, watoto wawili, Dalmas na Dorine, na wajukuu watatu. Selpha pia anaamini safari ipo. Ila kwao, msafiri husindikizwa, na mtoto wake alienda bila mama.

Mungu ampokee mzee, ampumzishe. Tukimaliza kumzika hapa, Selpha atashuka hadi kwenye kaburi la Mitchell, akalie. Anayetaka amsindikize.