Bwana Kiganja wa Nakwa

Ndugu waombolezaji, wazee wetu wa Nakwa, Bagara na Nangara, na ninyi wafugaji mliotembea tangu jana kutoka upande wa Hanang, familia inawaletea maisha ya ndugu yetu Kasimiri Amnaay, na inawaomba mumvumilie msomaji, kwa kuwa ni mdogo wake, Teodori, naye hajazoea kusimama mbele za watu, tena leo ana sababu ya kutetemeka zaidi ya siku nyingine.

Kasimiri alizaliwa tarehe 12 Juni 1948 huko Kainam, Mbulu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Amnaay na mama Emerensiana, na mwaka 1957 wazazi wake walishuka naye Nakwa kutafuta shamba, Teodori akiwa bado mgongoni mwa mama. Alisoma shule ya misheni kuanzia Januari 1958, akamaliza darasa la nane mwaka 1965, na walimu walimkumbuka kwa kitu kimoja, kwamba alikuwa mtoto asiyeweza kupita kwenye kichaka bila kutoka na kitu mkononi, na asiyeweza kutoka na kitu bila kurudi kutazama alichokiacha.

Mwezi Machi 1967 alianza kibarua katika bustani ya miche hapa Babati, akafundishwa kubebesha michungwa, yaani kuunga kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, na kazi hiyo aliifanya hadi alipougua. Jumamosi ya tarehe 23 Julai 1977 alifunga ndoa na Genoveva, aliyepo hapa, wakajaliwa watoto watatu, Xaveria aliyezaliwa 1979, Marcelino 1981, na Jovita, ambaye kuzaliwa kwake kutaelezwa kwa kirefu, maana ndiko kulikobeba maisha yote ya marehemu.

Mwaka 1976 wakulima wa Nakwa na wafugaji, hao wakiongozwa na mzee wao Gidamis, walipatana juu ya chemchemi iliyokuwa imetutoa damu zaidi ya mara moja, jembe lisivuke huku, ng'ombe wanywe kule, na mgunga mmoja mchanga uliokuwa katikati ukaachwa uwe alama, na Kasimiri akachaguliwa na pande zote mbili kuutunza. Kisha ikaja miaka hii ya shida, ambayo hakuna hapa asiyeijua, duka la kijiji likabaki na rafu tupu, kamba hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, na Kasimiri akawa ndiye duka letu. Alitushonea katambuga za tairi, alitutengenezea vibatari vya kopo vya kuwashia mafuta ya mbarika, alisokota kamba za magome, na kila aliyekuja kujifunza alilazimika kwanza kusikiliza masharti yake, kwamba nguzo ikatwe kwenye mti uliokwisha kukauka, mzizi usiguswe, na gome la mti ulio hai lichunwe upande mmoja tu, upana wa kiganja cha mchunaji, kisha kidonda kipakwe samadi na majivu. Tulimchoka, tusifichane, tukampachika jina la Bwana Kiganja, na wengine walipomwona njiani walinyanyua mkono kumwonyesha kiganja badala ya kumwamkia, naye alicheka.

Jumatano ya tarehe 17 Aprili 1985, saa nane mchana, Genoveva alianza kutokwa damu, mimba ikiwa haijatimiza miezi minane, lori la kijiji likiwa juu ya mawe bila tairi wala dizeli, na korongo limejaa maji ya mvua ya siku tatu. Kasimiri aling'oa fito mbili kavu kwenye zizi lake mwenyewe ili afanye machela, lakini hakuwa na hata pima moja ya kamba, na kwa sababu ya ukame wa mwaka uliotangulia miti mingi ilikuwa bado imekakamaa, gome halichuniki, isipokuwa ule mgunga wa chemchemi, uliokuwa na maji mwilini. Akawatuma wanaume sita, mdogo wake akiwamo, akawaambia kila mtu kiganja kimoja, asizidishe, naye akabaki ameshika mkono wa mkewe.

Walichuna kwa haraka, wakipokezana, kila mmoja akapima kiganja chake kwa uaminifu na kukimbia na ukanda wake, na katika nusu saa machela ilikuwa imesukwa, wakavuka korongo maji yakiwafika kifuani, wakafika hospitali kabla ya jua kuzama, na Jovita akazaliwa mzima, na mama yake akapona. Hakuna aliyevunja sharti hata moja, lakini mti ulikuwa mwembamba kama paja la mtu mzima, na viganja sita viliuzunguka wote, na mti uliochunwa kuuzunguka hufa.

Kasimiri aliliona jambo hilo kesho yake asubuhi. Jumapili pande zote mbili zilikutana chemchemini, wafugaji wamesimama na fimbo, vijana wetu na mapanga, na wale sita wakaulizwa mmoja mmoja, kila mmoja akaweka kiganja kwenye kidonda chake na kusema kwamba upande wa pili hakuuona. Hata Teodori alisema hivyo. Mzee Gidamis alipapasa mti pande zote, na watu walijua kwamba mti ukifa mpaka umekufa, na kwamba itasemwa mlinzi amewauza watu wake kwa ajili ya nyumba yake.

Ndipo Kasimiri aliposimama, akasema, "Hawa walipima viganja vyao, kama nilivyowafundisha. Mti ndio haukupimwa, na mpimaji wa mti nilikuwa mimi."

Mzee Gidamis akatoa muda hadi mvua za mwisho wa mwaka, mti ukichipua mapatano yabaki, usipochipua kila upande ujue lake. Kasimiri alifanya alivyofundishwa kwenye michungwa, akakata vijiti saba vya mgunga uleule, akavichomeka ncha moja chini ya gome lililobaki juu ya kidonda na nyingine chini ya lile lililobaki chini yake, vivushe maji kama daraja, akavifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli na kuvikandika kwa udongo na samadi. Alikwenda kila asubuhi kwa miezi minane, vijiti vinne vikakauka, akakonda, mkewe akawa anamwekea chakula kinalala, mapanga yakinolewa huku na fimbo zikichongwa kule, na tarehe 9 Desemba 1985 tawi moja la upande wa mashariki likatoa majani. Nusu ya mti ilikufa, nusu ipo hadi leo, na hakuna aliyechinjwa.

Mwezi Februari mwaka huu, 1988, Kasimiri alianza kuugua kifua, tarehe 11 Oktoba alibebwa hospitali kwa machela ileile, na Jumatano tarehe 19 Oktoba, saa tatu asubuhi, alifariki akiwa na umri wa miaka arobaini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia dawa zikiwa haba, wafanyakazi wenzake wa bustani ya miche, majirani waliokesha, na mzee Gidamis na jamaa zake, ambao walileta maziwa kwa mgonjwa kila juma.

Linabaki jambo moja, ambalo familia haikulijua hadi asubuhi hii. Mtu wa sita kufika kwenye mgunga alikuta imebaki sehemu moja tu yenye gome, upana wa kiganja, akaona vizuri kabisa, akaichuna, kwa sababu sharti lilimruhusu na kwa sababu aliogopa kurudi mikono mitupu. Panga lake lilikuwa na pengo, likaacha mstari kwenye mti, na Kasimiri aliufahamu mstari huo, maana panga hilo yeye ndiye aliyempa, na hapo ndipo alipopaka udongo kwanza, mstari ukafunikwa, kabla hajaita watu. Alipobebwa safari ya mwisho mkono wake ulilala juu ya ukanda wa gome uliotoka hapo, na aliyeshika machela upande wa kichwa alingoja aulizwe, njia nzima, hakuulizwa. Mtu huyo ndiye anayewasomea.

Pumzika kwa amani, kaka. Nilikuwa nimeuona upande wa pili. Kesho asubuhi nitakwenda mimi kuutazama mti.