Ukurasa Mtupu wa Baba Kanyinda

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, tarehe 31 mwezi wa tatu 1956, Baba Symphorien Kanyinda anaiacha meza yake katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa Élisabethville. Yeye ndiye mwandishi wa ukurasa wa nne wa gazeti hili la wafanyakazi. Mimi, Constantin Ngosa, ndimi niliyepanga herufi zake za risasi kwa miaka kumi na minane, na Mungu anajua alivyonichosha.

Alikuja kutoka Kasai mwaka 1927, akaandikwa kalaka, karani wa kuandika anwani, kwa sababu ya mwandiko wake mzuri; baadaye akapewa ukurasa wa nne. Ukweli usemwe: mwandiko huo ulikuwa mzuri kwenye bahasha tu. Habari zake zilinifikia zimekatwakatwa, mishale juu, mishale chini, neno moja limefutwa na kurudishwa mara tatu. Alitakiwa kuzileta siku ya nne ya juma, saa sita. Jamani, saa sita ya nani?

Kisha mwaka 1949 akakauka. Arusi, ubatizo, mpira, arusi tena: alisema ameandika yote na hakuna anayesoma. Siku moja aliniletea karatasi iliyokunjwa vizuri, kuifungua, tupu! Nikaziba pengo kwa tangazo la sabuni. Miezi minane, sabuni! Alibadilisha kalamu, akabadilisha kiti, akalaumu kelele za mashine yangu. Alipewa ruhusa akapumzike mashambani Lukafu. Akarudi na gunia la mihogo, amenenepa, bila hata mstari mmoja. Nilitaka kulia. Bwana Mkubwa wa kiwanda akatoa neno la mwisho: mwezi ukiisha bila habari, ukurasa unafutwa na Kanyinda anahamia ghala la karatasi.

Juma lile lile akaja Mama Laurentine wa mtaa wa Kamalondo, mjane wa Edouard, mpakizi wetu. Tangazo la kifo tulikuwa tumelichapa kwa desturi ya wakati ule: jina, namba ya kazi, tarehe. Aliliweka mezani, akauliza: “Namba iko. Bwana yangu iko wapi?”

Kanyinda akamketisha kwenye benchi la varanda, akamwuliza Edouard alikuwa mtu wa namna gani. Walikaa hapo hadi king'ora cha kutoka kazini. Kesho yake nikapata ukurasa mzima: Edouard aliyetengeneza milango ya majirani bila kuombwa, aliyependa ukoko wa bukari, ule ugali wetu, aliyewaimbia watoto wake vibaya mno hata wakacheka. Wino ulikuwa umetapakaa kila mahali, na ilikuwa siku ya tano. Nilipanga herufi huku nikigomba, nikafuta macho kwa mkono mchafu.

Toka hapo hakukauka tena. Kila juma alishika njia kwa miguu hadi Kamalondo, akaketi na wafiwa, akauliza swali lile lile. Aliniambia kwamba zamani alikuwa akiandika juu ya sherehe, sasa anamwandikia mtu. Watu wakaanza kuukata ukurasa wa nne na kuuweka ndani ya kitabu cha sala. Sabuni haikurudi. Kuchelewa, ole wangu, kuliendelea.

Habari hii nilipewa mimi niiandike, kwa kuwa mwenyewe alikataa kujisifu. Siku ya nne, saa sita, nilikuwa na jina, namba na tarehe tu. Miaka yote hiyo nimemgombeza mtu huyu, kumbe karatasi tupu ni nzito hivi! Nikavaa kofia, nikaenda kwa mke wake, Mama Kapinga, nikamwuliza Symphorien ni mtu wa namna gani. Alicheka kwanza. Kisha akasema niandike kwamba miezi ile ya sabuni mume wake aliamka kila alfajiri, akavaa koti, akaketi mbele ya karatasi kama anayengoja mgeni, na hakukosa hata siku moja.

Baba Kanyinda, aksanti sana. Ukae salama na Mama Kapinga, ulale mchana upendavyo, uandike bila kuombwa na mtu. Ukurasa wako umejaa. Leo ni siku ya tano, unisamehe.