Kiatu Kilichokaushwa kwa Hita

Benchi la Rotherhithe liko juu ya ngazi za mawe zinazoteremka mtoni. Maji ya Thames yakipwa, waokota vya kale hushuka kupekua tope. Yakianza kujaa hupanda wakakaa hapo, mabuti yananuka, kila mtu na chupa yake ya chai, na ubishi hauna mwenyewe. Asubuhi hiyo walikuwa watatu. Perce huitwa Kapteni, ingawa maisha yake yote alikata tiketi za boti za watalii. Beryl ni Jaji, kwa kuwa hutoa hukumu kabla ya kesi. Wa tatu, Clive, ndiye Misumari: miaka ishirini anaokota misumari ya meli zilizokwisha kuoza. Leo alikuwa amepakata mkebe wa biskuti na hataki kuufungua.

Majuma mawili nyuma Clive alikuta topeni kiatu cha mtoto, cha ngozi, cha miaka mia nne iliyopita. Ndani yake alama za vidole vya mguu zilikuwa bado zinaonekana. Walikipitisha mkono kwa mkono pale pale benchini, wakabishana saa mbili nzima. Kisha Clive akawapigia simu watu wa makumbusho, kama kibali chake cha kuokota mtoni kinavyomtaka, akaambiwa akihifadhi ndani ya maji mpaka watakapokuja, maana ngozi ya topeni ikikauka imekwisha. Jambo hilo alilijua. Yeye ndiye anayewafokea wageni wa mto kwa kosa hilo hilo.

Lakini Hazel, binti yake, aliahidi kuja kula Jumapili, na Hazel tangu utotoni husema takataka za baba zinanuka. Clive akataka safari hii binti aone kitu kisafi. Akakitoa kiatu ndooni, akakilaza juu ya taulo kando ya hita, nusu saa tu. Usingizi ukampitia. Hazel mwenyewe hakuja. Na leo saa nne mama wa makumbusho anakuja kukichukua.

Jaji alichoka kungoja, akaufungua mkebe mwenyewe. Mlikuwa na kitu cheusi kilichojikunyata na kupasuka.

— Ndicho hiki?

— Ndicho.

Wakanywa chai kidogo. Kapteni ndiye aliyeanza.

— Mwambie mto umekichukua. Ulikiweka pale chini, maji ya bamvua yakaja. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Methali hiyo inaingiaje hapa, Perce? aliuliza Jaji.

— Si inahusu maji?

Jaji akasema kosa ni ile nusu saa. Haraka haraka haina baraka. Kiatu kingeanikwa wiki nzima, kingezoea. Kapteni akapinga: kiatu kimejikunja kwa hasira, kwa kuwa kilikuwa cha mwana wa mfalme aliyeanguka kutoka kwenye boti ya ikulu, na mtoto wa mfalme hawekwi kabatini pamoja na viko vya tumbaku vya wachukuzi. Jaji akamwambia aache uzushi. Hakikuwa cha mtoto kabisa, kilikuwa cha nyani. Mabaharia wa zamani walileta nyani na kuwavisha nguo, sasa kwa nini wasiwavishe viatu?

— Kwa hiyo huna hatia, Misumari. Nani atalilia kiatu cha nyani?

Clive alijua wanamtafutia njia, na aliwapenda kwa hilo. Hata hivyo kila neno lilimchoma. Vidole vile vilikuwa vya mtoto, alivigusa kwa kidole chake.

— Nitamwambia ukweli, alisema.

Bi Nerys Pugh wa makumbusho alifika na mabuti yake mwenyewe yakiwa na tope. Clive alisimama, akampa mkebe kwa mikono miwili.

— Nilikikausha, mama. Nilikuwa najua, na bado nikakikausha.

Hakumfokea, na Clive alitamani afokewe. Alikigeuza kiatu taratibu, akachungulia ndani mahali palipokuwa na vidole, akaufunga mkebe. Kisha akatoa daftari.

— Mlikipiga picha?

Wakatazamana. Siku ile kila mmoja alikuwa na la kusema, wa kupiga picha hakuwepo.

— Ngozi ikikauka hunywea, siwezi kukipima tena. Kabla hakijakauka kilikuwa na urefu gani? Nataka tujue mtoto alikuwa na umri gani.

Jaji akatenganisha vidole vyake viwili vya shahada. Kapteni akatenganisha mikono, akatazama vidole vya Jaji, akaisogeza mikono karibu kidogo, kisha akaishusha kabisa. Wote wawili wakamgeukia Clive.

Clive akafungua kiganja chake, kile kile kilichokitoa kiatu topeni. Alikumbuka ubaridi, na maji yalivyochuruzika kwenye mkono wa koti. Alikumbuka, neno kwa neno, hadithi aliyokuwa akiipanga kumsimulia Hazel huku akipanda ngazi. Urefu hakuukumbuka. Akajaribu kukunja vidole kukizunguka kile ambacho hakikuwepo, akakunjua, akajaribu tena.

Bi Nerys alingoja, kalamu mkononi, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

— Basi, Clive, alisema. Nitaandika ‘mtoto’ tu.