Sahihi ya Jumanne

Sudha alifumba macho kama anayesinzia, maana umbea wa treni za Delhi hunoga ukijifanya umelala. Kando yake aliketi Gulshan, dalali anayewatafutia watu mihuri ya wakili na ya serikali, na bahasha mapajani. Mteja wake, Nirmal, aliyekaa ubavuni pake, alikuwa amenyoa kipara, kama Wahindu wanavyofanya wakifiwa na mzazi.

“Karatasi za kampuni, na sahihi ya baba yako, ziko tayari, kaka. Umebaki muhuri wa wizara tu, ndipo wenzako wa Muscat wazipokee.”

“Tayari vipi? Baba kafariki Jumapili kabla hajasaini. Jumatatu tukamchoma. Muhuri wa wakili ni wa Jumanne! Umeghushi, wewe!”

“Mimi? Thubutu!”

“Usinichezee. Mawakili wenu wa pale nje ya mahakama wanagonga muhuri bila hata kumwona mtu.”

Gulshan akaitikia kwa kichwa; Delhi nzima inajua. “Kawaida ndivyo, kaka. Ila wakili kaniambia safari hii mzee mwenyewe kaja, kasaini mbele yake.”

“Baba kasema nini?”

“Hakusema neno. Kaagiziwa chai, hakuigusa. Wakili anasema mzee wako ana mafua mabaya, mpaka kaziba pua kwa pamba.”

Nirmal akavitazama vidole vyake. “Hiyo pamba,” akasema taratibu, “niliiweka mimi.”

Treni ikapunguza mwendo. Gulshan akamsogezea bahasha. Nirmal akairudisha kwa kiwiko.

“Sasa niipeleke wizarani, au unaichukua?” Gulshan akauliza.

Milango ikafunguka. Kituo cha Sudha kilikuwa bado mbali, lakini alishuka papo hapo.