Mstari wa Mkalimani

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Fundi cherehani, na birika la kahawa ni langu, kwa hiyo upuuzi wote wa hapa hunifikia mimi kwanza. Jana watu wa upande wa mchumba wa binti yake Fundi walileta ujumbe wa simu: kwao kuna bibi aliyeolewa na mkalimani wa wakoloni pale kituo cha reli, na wamesikia baba wa babu yake Fundi alikuwa mkalimani. Basi kabla harusi haijapangwa, Fundi ahakikishe hao watoto si ndugu. Jibu leo. Asubuhi Fundi akatandika kwenye benchi ile karatasi ya kaki anayokatia vipimo vya suruali, akashika chaki. Wenzake wawili walishafika: Wakili, aliyekuwa tarishi wa mahakama na hajasomea sheria hata siku moja, na Redio, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hazimiki.

— Tunaanza na mzee mwenyewe, alisema Fundi. Mkalimani akamzaa babu. Babu akamzaa baba, baba akanizaa mimi. Mstari umenyooka kama pindo.

— Ushahidi huo unapokelewa popote, alisema Wakili. Wanaume wanne, na hakuna hata mmoja aliyeoa kwao. Funga kesi.

— Funga wapi! Redio akadakia. Mkalimani alikuwa anahamishwa, bwana. Leo kituo cha reli, kesho mpakani. Na kila kituo ana nyumba. Haba na haba hujaza kibaba!

— Mtukane babu yako, si wangu.

— Namtukana wapi? Namsifu!

Wakili akainua kidole.

— Kila kituo kilikuwa na mkalimani wake. Faili la huyo wa reli nililibeba mimi kwa mikono hii. Alikuwa mfupi. Fundi huyu hapa, mrefu. Damu nzito kuliko maji, haiwezi kupanda juu.

— Wakili, methali hiyo haisemi hivyo, nikamwambia.

— Wewe mimina kahawa.

— Mimi nasema ni yuleyule, alisema Redio, lakini hakuzaa huko. Angezaa saa ngapi? Bwana mkubwa akisema "lipeni kodi", yeye anatafsiri "jificheni". Uhuru wenyewe ameuleta yeye, basi tu hawakumwandika.

— Enhe! Wakili akapiga goti lake. Na kama bwana mkubwa hajui lugha, nani alikuwa anatawala? Mkalimani! Fundi, wewe ni wa ukoo wa utawala. Hao wanatafuta undugu wa kujipendekeza.

— Au sote tumetoka kwake, alisema Redio, akijitazama kwenye kioo cha dirisha. Hii pua yangu sijawahi kuielewa.

Tukacheka. Fundi hakucheka.

— Nyinyi chekeni. Mwanangu ameniambia, baba, ukisema hapana, sitaki mwingine. Naogopa, jamani.

Kisha akakaza shingo.

— Lakini karatasi imesema. Si ndugu. Nitajibu hivyo.

Hapo tukasikia hodi. Bibi mmoja amesimama mbele yetu, mkoba kwapani.

— Shikamoo mama, tukasema wote.

— Marahaba wanangu. Mimi ni bibi yake mchumba wa mtoto wenu. Nimeona simu haitoshi, nije mwenyewe.

Walimpisha akakaa. Wakili akamsomea karatasi yote kwa sauti ya mahakamani, na yule bibi akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

— Mmefanya kazi, alisema. Sasa sikilizeni na ya kwetu. Bibi mzaa mama yangu aliolewa na mkalimani pale kituo cha reli. Mume alipohamishwa alimchukua mtoto wao wa kiume, miaka miwili, akamwacha bibi na mimba. Mimba hiyo ndiyo mama yangu. Yule mtoto, bibi alimlilia mpaka anaingia kaburini, na sisi tunamtafuta mpaka leo. Jina la bibi yangu ninalo. Silitaji, nisije nikakulisha maneno. Nitajie wewe, mwanangu. Huyu babu yako hapa kwenye karatasi, mama yake aliitwa nani?

Fundi aliufuata mstari kwa kidole. Mkalimani, babu, baba, yeye. Akaurudia kutoka chini kwenda juu. Wakili akakohoa. Redio akaangalia viatu vyake.

— Fundi, si umjibu mama wa watu, nikasema.

— Hatukuwahi kuambiwa, mama, alisema Fundi. Na mimi sikuuliza.