Bi Hakimu, Aliyewavisha Rafiki Zake Vitabu

Marehemu, aliyeitwa Mama na watu wa nyumbani na Bi Hakimu na wengine wote, aliacha agizo moja kuhusu maneno haya ya mazikoni. "Mkiandika kwamba nilikuwa mcheshi na mpenda watu," alisema, "nitaamka niwasahihishe." Kwa hiyo hayo hayakuandikwa.

Alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili wa fundi mizani na mkewe, muuza vitambaa. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitoka amekunja uso kama mgeni aliyeletewa chai iliyopoa, na kwamba uso wenyewe haukukunjuka hadi alipojua kusoma.

Alianza shule mwaka 1963 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1974. Shule yao ilikuwa na kabati moja la vitabu lenye kufuli, na ufunguo wake ulikabidhiwa yeye, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akivirudisha. Mwaka mmoja dada yake mkubwa alishikwa na homa, akalala na kitabu cha hadithi kifuani, hana nguvu ya kukishika. Akamwomba mdogo wake amsomee kidogo tu. Mdogo mtu akamwambia mwisho wake pale pale, kisha akaongeza kwamba alikuwa anamsaidia, maana kwa mwendo ule wa kusoma asingefika huko hata angekuwa mzima. Dada mtu alikisimulia kisa hiki kwenye kila arusi ya ukoo, na kila alipokisimulia alicheka hadi akafuta macho. Marehemu hakuwahi kuona kilichokuwa kinachekesha.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno, akakaa kwenye meza ile ile kando ya mlango hadi alipostaafu mwezi Juni 2016. Alijaza rafu ya chumba cha kungojea kwa vitabu vyake mwenyewe. Mgonjwa akiingia ameshika shavu, alimpa kitabu kabla hajamwuliza jina. Akiitwa ndani kabla hajakimaliza, marehemu alimtuliza: "Nenda tu, usijitese. Yule mwanamume hamwoi." Zaidi ya wote aliwapenda waliokuwa wametoka ndani na pamba mdomoni. Hao aliwakalisha na kuwaeleza kwa kirefu maoni yake juu ya kitabu, wao wakitikisa vichwa na kukodoa macho, wala hapakuwa na wa kumkatiza. Daktari alisema ile ndiyo kliniki pekee aliyoijua ambapo watu waliogopa mapokezi kuliko koleo.

Hapo hapo kliniki ndipo alipompata mumewe, fundi bomba aliyekuja kurekebisha sinki lililokuwa likivuja. Sinki lilipona siku ile ile, lakini fundi aliendelea kuja kulikagua. Hatimaye alimletea kitabu kama zawadi. Akarudishiwa baada ya wiki, na maoni: "Kimeanza vizuri, kama wewe. Tuone mwisho." Walioana tarehe 5 Desemba 1981, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, ambaye sasa ni fundi umeme. Mume huyo alisoma kitabu kimoja tu maisha yake yote, nacho ni hicho hicho, apate kujua alifananishwa na nini. Alifariki ghafla kwa moyo mwaka 2009. Watu walipokuja kumpa pole, mjane alisema, "Mwisho wake umekuja mapema, lakini hakuna ukurasa wa kutupa." Wanaomjua wanajua kwamba hakuwahi kukisifu kitu kingine namna hiyo.

Sasa lazima yasemwe ya chumba cha pasi, maana maisha yake hasa yalikuwa humo.

Tangu mwaka 1991, kila Jumapili mchana, marehemu na wenzake watatu walikutana nyuma ya duka la rafiki yake wa tangu utotoni, Dobi. Wenzake wengine walikuwa Mwalimu, aliyefundisha hesabu na kusoma hadithi za mapenzi kwa siri, na Mama Pacha, aliyesoma nusu ya kila kitabu na kukitetea chote. Walikaa kwenye viti vya mbao chini ya nguo za watu zilizotundikwa, mashati na magauni yakining'inia juu ya vichwa vyao kama wageni waliokosa nafasi ya kukaa. Dobi mwenyewe alisikiliza akiwa amesimama, mkono wake ukienda na pasi. Lakini ilipofika kusoma kwa sauti aliiweka pasi kando, maana hiyo ilikuwa kazi yake, kwa sababu alikuwa na sauti inayofanya hata tangazo la kukatwa maji liwe na huzuni.

Walikuwa na sheria moja, nayo aliitunga marehemu. Kwao haikutosha kusema kitabu ni kizuri au kibaya. Aliyekileta alipaswa kusema kinamfaa nani kati yao, na kwa nini. Walikuita kuvishana. "Leo nani anavishwa?" ndiyo ilikuwa salamu ya mlangoni. Mwalimu alivishwa kitabu cha tajiri bahili, akacheka. Mama Pacha alivishwa kitabu cha mwanamke asiyemaliza jambo, akakipenda sana, ingawa hakukimaliza. Ulikuwa mchezo, na kama michezo mingi, ulikuwa mtamu kwa yule ambaye zamu haijamfikia.

Jumapili ya tarehe 21 Agosti 2016, miezi miwili baada ya kustaafu, marehemu alileta kitabu kinene chenye jalada la kijani. Wakati huo binti pekee wa Dobi alikuwa amehamia mbali, hapigi simu, hupokea tu akipigiwa, na Dobi alikuwa amekonda kwa kujiuliza kisa. Hayo wote walikuwa wanayajua. Marehemu alikiweka kitabu kwenye meza ya pasi na kusema, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuwaita wagonjwa:

"Kinamfaa Dobi. Humu kuna mama aliyemkaba mtoto wake kwa mapenzi mpaka mtoto akakimbia kutafuta hewa. Na bado mama anauliza watu kilichomkimbiza."

Dobi aliendelea kupiga pasi kola ya shati, akaimaliza, akaitundika. Kisha akakichukua kitabu.

Alikirudisha kliniki, akijua marehemu hupita pale kusalimia. Kilikuwa kimefungwa kwa karatasi ya dukani kama nguo ya mteja, na kimebandikwa kitiketi chenye maneno ambayo madobi huwaandikia wateja nguo inapowashinda: "Doa halikutoka." Jumapili iliyofuata chumba cha pasi kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Waligonga, na waliisikia pasi ikipumua. Hawakufunguliwa tena.

Marehemu hakuomba radhi. Mama Pacha alipomwendea kusuluhisha, aliambiwa kwamba ukweli hauna kosa. "Sawa, ni ukweli," akasema Mama Pacha. "Hata jino bovu ni ukweli. Lakini kule kliniki kwenu si mlichoma ganzi kwanza?"

"Wewe nani akuchome," marehemu akamjibu, "nawe umezaliwa nayo?"

Mama Pacha alisema leo asubuhi kwamba jibu hilo nalo lisemwe, kwa kuwa lilikuwa zuri.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza kimya kimya. Mwaka 2019 uliingia machoni, na kufikia katikati ya mwaka 2021 alikuwa haoni ila weupe wa dirisha. Mtu mwingine angelia. Yeye aliamuru vitabu vyake vipangwe upya karibu na kitanda, akawa anavipapasa migongo na kuvitaja kimoja kimoja, na akikosea hakuna aliyethubutu kumwambia. Mke wa mwanawe, aliyeishia darasa la saba, alikuwa akimsomea huku anamnyonyesha mtoto. "Unasoma kama mtu anayevuka matope na viatu vipya," marehemu alimwambia. Hata hivyo alisikiliza. Mjukuu alipoanza kutambaa na kutafuna pembe za vitabu, marehemu alikataa anyang'anywe. Alisema ndiye pekee nyumba nzima mwenye maoni yasiyo ya woga.

Lakini mwaka 2022 figo zilipoanza kuchoka na daktari akazungumza na mwanawe nje ya mlango, marehemu, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, alijua. Tangu siku hiyo akawa anauliza kila mlango ukibishwa: "Nani?" Na akiambiwa ni nani, anageukia ukuta. Alikuwa anamsubiri mmoja. Alitaka Dobi amsamehe, na alitaka asamehewe bila kulazimika kuomba.

Mwanawe alikwenda dukani kwa Dobi. "Mama anasema uje umsomee."

Dobi akauliza kama mama ameomba samahani.

"Hapana, mama mdogo. Amesema uje."

"Basi ni yeye kweli," Dobi akasema.

Alikuja Jumanne tarehe 4 Oktoba 2022, mchana. Alikataa chai, akakataa maji, akakaa kwenye kiti cha dirishani. Juu ya meza palikuwa na kitabu cha ufugaji wa nyuki alichokisahau Mwalimu. Dobi akakichukua, akakifungua katikati, akaanza kusoma kwa ile sauti. Hadithi ilikuwa ya mwanamke aliyekaa mlangoni pa nyumba ya maumivu, akigawa maneno makali kwa kila anayeingia, na ya rafiki yake aliyekuwa akinyoosha nguo za watu. Mke wa mwanawe alikuwa sakafuni akimbadilisha mtoto nepi, na kutoka pale aliuona ukurasa. Ulikuwa na picha ya mzinga, na haukugeuzwa hata mara moja.

Marehemu naye alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole:

"Geuza ukurasa, Dobi. Hata uongo unataka karatasi isikike."

Dobi akageuza, akaendelea.

Akawa anakuja kila Jumanne. Siku hizo marehemu alitaka kuogeshwa mapema na kuchanwa nywele. Hawakuzungumza jambo jingine lolote, ni hadithi tu. Katika hadithi, mnyoosha nguo alipewa kitabu na rafiki yake mbele za watu. Alikisoma chote kwa usiku mmoja. Asubuhi alimpigia simu binti yake, akamsomea ukurasa mmoja, akamwuliza kama ni kweli. Binti akasema, "Kwa hiyo mpaka marafiki zako wanajua, ila wewe." Simu ikakatika. Mama alipopiga tena, namba ikawa haipatikani, na hata leo haipatikani.

Hilo marehemu alikuwa hajawahi kulisikia. Aliuliza kama yule binti alikuja kupiga baadaye.

"Sijafika huko," Dobi akasema, na kufunga kitabu.

Jumanne zilizofuata hakufika huko pia. Marehemu aliacha kula vizuri, akawa anamwuliza mke wa mwanawe usiku na mchana, wewe unaonaje, atapiga? Akajibiwa kwamba mtoto hurudi. "Hayo ni maoni ya mtu ambaye mtoto wake bado hajajua kutembea," akasema. Lakini safari hii hakuyasema kwa ukali, aliyasema kama mtu anayeomba abishiwe.

Mwishoni mwa Januari 2023, akiwa hawezi tena kukaa, alimwambia Dobi kwamba mwandishi amemhurumia mno yule mwenye mdomo, na kwamba anataka mwisho.

Dobi akageuza kurasa zote zilizobaki kwa pamoja. "Anakufa," akasema. "Na rafiki yake haendi kumzika."

Mtoto alikuwa analia, mama yake akamtuliza apate kusikia. Midomo ya marehemu ilienda kama ya anayelionja neno. Hatimaye akauliza, kwa taratibu za chumba cha pasi:

"Kinamfaa nani?"

"Wewe."

"Kimenikaa," marehemu akasema. "Mahali popote hakibani. Usiubadilishe mwisho, Dobi. Ukiubadilisha kwa huruma utakuwa umekiharibu kitabu."

Dobi alisimama, akamtandikia shuka vizuri, akanyoosha mkunjo mmoja kwa kiganja, akaenda. Neno la msamaha halikusemwa, wala halikuombwa.

Marehemu alifariki nyumbani siku ya Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa kumi na moja alasiri, mwanawe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mwana mmoja, mkwe mmoja na mjukuu mmoja, pamoja na Mwalimu na Mama Pacha, ambao wako hapa. Ameacha pia rafiki mmoja wa tangu utotoni, ambaye hayuko hapa, na familia inaomba asilaumiwe na mtu yeyote, leo wala baadaye. Gauni analozikwa nalo marehemu lilinyooshwa na yeye. Alilileta mwenyewe mpaka mlangoni, hakuingia. Alipoulizwa kama hatakuja hata kumwona alivyopendeza, alisema, "Nimeshamwona."

Apumzike kwa amani, hata kama ataikuta na kasoro.