Sahihi ya Jirani wa Mashariki

Benchi liko mbele ya duka lililofungwa, mkabala na stendi ya Garsen. Mguu wake mmoja ni matofali mawili. Bahiya hufika hapo baada ya alasiri na jiko la makaa, birika, mkebe wa tende na vikombe tisa. Msimu wa mavuno huongeza sinia la mahindi ya kuchoma. Wa kwanza kukaa ni Idris, anayeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi katika kesi ya punda na hajaisahau. Wa pili ni Roba, kijana wa bodaboda, anayeitwa Redio kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Halafu wapo Mzee Dhadho, anayeuza nyumba, na Abdirizak, mfanyabiashara wa mbuzi, anayeinunua. Hao wawili hawakuwa watu wa benchi. Walikaa siku moja mwaka jana kungoja afisi ya ardhi ifunguliwe baada ya chakula cha mchana, na wangali wamekaa.

Jumatano Abdirizak alifika na bahasha ya kaki.

– Imerudi, alisema.

– Tena? aliuliza Mzee Dhadho.

– Tena.

Wakili alinyoosha mkono. Bahasha haipiti benchi hilo bila yeye kuisoma. Ndani mlikuwa na fomu ya majirani, ukurasa mmoja, inayotaka jambo moja: kila anayepakana na kiwanja aweke sahihi kwamba hana pingamizi kiuzwe. Kaskazini ni Jilo, ametia sahihi. Magharibi ni Bibi Kaviha. Ameweka dole gumba. Kusini ni barabara. Afisa mmoja aliigongea muhuri kwa niaba ya serikali. Mashariki, kama ilivyoandikwa tangu siku Mzee Dhadho alipogawiwa kiwanja, ni Mto. Mbele ya neno hilo palikuwa patupu, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: “Jirani wa mashariki hajatia sahihi.”

– Mara ya ngapi hii? aliuliza Redio.

– Ya tatu.

– Na kalamu ni ile ile?

– Ile ile.

– Kosa ni lenu, alisema Wakili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

– Mtoto gani sasa?

– Fomu. Mmeizoesha kurudi, inarudi.

Bahiya alimpa Abdirizak kikombe kabla hajaomba.

– Fardowsa anasemaje?

– Mke wangu haulizi nyumba tena, mama. Anauliza siku. Mwenye vyumba tulivyopanga anavitaka mwisho wa mwezi, mwanawe anaoa. Zimebaki siku tisa. Na kliniki wamemwambia mtoto atakuja siku hizo hizo.

– Na hii biashara ya nyumba mlianza lini? aliuliza Redio.

– Miezi kumi na moja. Kabla ya mimba.

– Maze, alisema Redio, basi fomu na mtoto wanashindana, na mtoto anaongoza.

Abdirizak alicheka kidogo, kwa adabu. Mzee Dhadho alitoa ufunguo mfukoni na kuuweka juu ya benchi kati yao, kama anavyofanya kila wiki.

– Hamia, Abdi. Nyumba umeshanilipa nusu, mimi nakujua, wewe wanijua. Karatasi itatukuta.

– Mzee, nishawahi kuhamia nyumba bila karatasi. Tulikaa miezi minne. Akaja mwingine na karatasi. Nilitoka na godoro kichwani, na mwanangu wa kwanza ananiuliza, “Aabo, tunasafiri?” Sirudii.

Mzee Dhadho aliurudisha ufunguo mfukoni. Kitanda chake kilikwenda Kulesa kwa bintiye tangu Februari, pamoja na kabati na kuku sita. Vilivyobaki ni mkeka na panga. Hulala chini katika nyumba ambayo si yake sawasawa wala bado si ya mwenzake.

– Tuseme ukweli, alisema Wakili. Barabara iligongewa muhuri na serikali. Mto nao ni wa serikali. Tatizo liko wapi?

– Nimekwenda, alisema Abdirizak. Dirisha la kwanza wakasema wao ni watu wa mabomba, mto si bomba. Dirisha la pili wakasema wao ni watu wa miti iliyo kando ya mto, mto wenyewe hawaujui. La tatu wakasema mwenye muhuri yuko semina.

– Huko Semina ni wapi? aliuliza Redio. Kila mkubwa yuko huko. Lazima ni mji mzuri.

– Mlianzia mwisho, alisema Wakili. Mto huu unatoka wapi? Mlimani. Mtu akikuuzia ng'ombe, unazungumza na mkia? Hiyo sahihi iombwe kule juu, chemchemi inapotokea.

– Sasa Abdi apande mlima na fomu?

– Kuuliza si ujinga.

– Hapana, hapana, alisema Redio. Tazama wenye mabwawa. Wao wakitaka maji yaje, yanakuja. Wakikataa, hakuna. Anayeshika mfereji ndiye mwenye mfereji. Hao ndio majirani wa Mzee Dhadho.

– Sijawahi kuwaona hata mazikoni, alisema Mzee Dhadho.

– Halafu nimeona kwa simu, kuna nchi mto umehesabiwa mtu. Una haki zake. Ukiukosea unapelekwa kortini, na mto unawekewa wakili.

Idris alirekebisha kofia yake.

– Wakili wa mto, alisema polepole. Hiyo ni kazi inayofanyika.

– Wewe ungeusimamia vipi?

– Ningekataa kwanza. Mteja mzuri anaanza kwa kukataa. Damu nzito kuliko maji.

– Si mteja wako ndiye maji?

– Ndiyo maana nikasema ningekataa.

Redio alikuwa amemaliza hindi la pili na kuchukua la tatu. Wote walikuwa wanakula. Mahindi ya Bahiya ni laini, punje zake zimejaa hadi ncha.

– Lakini fikirieni fomu inavyosema, aliendelea Redio akitafuna. Haisemi mwenye mto. Inasema jirani. Jirani ni anayekaa. Na anayekaa mtoni ni nani? Kiboko.

– Astaghfirullahi, alisema Mzee Dhadho.

– Bibi Kaviha si aliweka dole gumba? Kiboko naye aweke.

– Atashikwa mkono na nani?

– Miguu ni minne, achague mwenyewe.

– Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alisema Wakili.

– Yaani Abdi avue nguo?

– Yaani kiboko afuatwe alipo. Na wawe wawili, wa kike na wa kiume, ili mmoja asije kudai hakushauriwa.

Abdirizak alikuwa anaitazama fomu. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mara nyingi, mpaka mkunjo wa katikati umeanza kuachia. Alisema kama anayejisemea:

– Siku tisa.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mtu mmoja mgeni, jina lake Iha, fundi wa mabati kutoka upande wa Kilifi, na kisanduku chake cha vyombo miguuni. Alikuwa anangoja gari la kumpeleka Idsowe kuezeka nyumba. Alikuwa amesikiliza kikombe kizima na kula hindi moja.

– Samahani, wazee. Mimi ni mgeni hapa.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Wakili, akimaanisha kwamba Iha asogeze sinia.

Iha alisogeza sinia.

– Mahindi haya ni mazuri. Yamelimwa wapi?

Redio aliacha kutafuna.

Si kwamba hawakujua. Mto uliondoka nyuma ya nyumba ya Mzee Dhadho katika mafuriko ya kabla Redio hajazaliwa. Siku hizi ukitaka kuuona kutoka hapo unatembea nusu saa. Ulichoacha ni mkondo wa zamani, bonde la udongo mweusi, na Bahiya amelilima kwa miaka kumi na sita. Safu yake ya mwisho ya mahindi inafika chini ya dirisha la jikoni la Mzee Dhadho. Ila kwa watu wa mto, mkondo wa zamani ni wa mto bado. Unaulima, lakini huuwekei mpaka wala huuandiki jina, kwa sababu mwenyewe anaweza kurudi. Mahali hapo panaitwa mtoni, hata kama unapita na viatu vikavu. Bahiya mwenyewe akienda kupalilia huaga nyumbani kwake: “Nakwenda mtoni.”

– Mtoni, alisema Redio mwishowe.

– Ndani ya maji?

– Hapana maji.

Iha alitazama gunzi mkononi mwake.

– Sasa kama hapana maji, huyo jirani mnayemtafuta ni nani?

Gari lilipiga honi ng'ambo ya pili. Iha alibeba kisanduku chake, akashukuru kwa kahawa, akavuka barabara. Swali lake lilibaki.

Macho yote yalimwendea Bahiya. Alikuwa anafuta vikombe.

– Mama Bahiya, alisema Abdirizak. Miezi yote hii unatumiminia kahawa. Mbona hukusema?

– Niseme nini? Nyinyi mlikuwa mnatafuta mto.

– Lakini jirani ni wewe!

– Karatasi haisemi hivyo. Na nikijitokeza, atakuja mtu na kamba ya kupimia, aniambie nimelima mahali pa mto. Nyinyi mtapata nyumba. Mimi nitapata barua.

Mzee Dhadho alijikohoza.

– Dada Bahiya, pale wazee walisema hapaandikwi jina.

– Walisema, kaka. Sipingi. Lakini miaka kumi na sita umepokea mahindi kwa dirisha la jikoni. Mkono uliokupa ulikuwa wa mto?

– Ulikuwa wako.

– Haya.

– Na mto ukirudi?

– Nitaupisha. Si nimeshaupisha mara mbili? Ulipokuja nilitoka, ulipokwenda nilirudi. Mimi na huo mto hatuna ugomvi. Ni nyinyi mnaotaka kuuleta afisini.

Wakili alikuwa ameshatoa kalamu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema neno la kufaa.

– Mto ubaki palepale ulipoandikwa. Chini yake tuandike: anayelima. Basi. Hakuna aliyedai ardhi, hakuna aliyefuta mto.

Mzee Dhadho alimaliza kikombe chake.

– Ikiwa mto unabaki umeandikwa, mimi sina neno.

Abdirizak aliitandika fomu juu ya benchi, akailainisha kwa kiganja. Wakili aliandika “anayelima” kwa herufi kubwa, kisha akamnyooshea Bahiya kalamu. Hakuipokea.

– Abdi, una mbuzi wangapi?

– Mbuzi wa biashara hawakai, mama. Wanapita tu.

– Wanapita wangapi?

– Arobaini. Wiki ya mnada, sitini.

– Na wakipita wanakula nini?

Redio, mwenye mzaha kwa kila jambo, alitazama pikipiki yake. Huku kwetu mbuzi wa mmoja kuingia katika mahindi ya mwingine si habari ya kuchekea. Kila mtu kwenye benchi alikuwa na umri wa kukumbuka kwa nini: wakulima na wafugaji waliwahi kuuana kwa jambo hilo.

– Nitaweka ua, alisema Abdirizak.

– Lini?

– Nikishahamia.

– Hapana, mwanangu. Miezi kumi na moja nimesikia “nikisha” mpaka masikio yamechoka. Ua kwanza. Wa miiba, usiopitisha hata kitoto cha mbuzi. Kutoka pembe ya jikoni mpaka kwa Jilo. Nikiuona, natia sahihi.

– Mama, zimebaki siku tisa.

– Ua ni kazi ya siku mbili. Ya tatu mpumzike.

Aliichukua fomu, akaikunja, akaiweka chini ya mkebe wa tende.

– Na ukitia sahihi, aliuliza Redio, ni dole gumba?

– Najua kuandika. Hilo pia hamkuuliza.

Abdirizak alimgeukia Mzee Dhadho.

– Panga lako bado lipo?

– Lipo ndani, nyuma ya mlango.

Mzee Dhadho aliutoa ufunguo tena. Safari hii hakuuweka juu ya benchi. Alimwekea Abdirizak kiganjani, na Abdirizak akaufumba.

– Redio, miiba mizuri iko wapi?

– Njia ya Kulesa. Twende, nibebe wawili. Wakili atakuja kwa miguu.

– Mimi nitasimamia, alisema Wakili. Mchumia kivulini hulia kivulini.

– Hiyo si vile inasemwa, bwana.

– Panda pikipiki wewe.

Bahiya aliinamisha birika juu ya kikombe cha mwisho. Yalidondoka matone matatu, kisha mashapo.

– Kahawa imekwisha, alisema, akaanza kuzima makaa.

Abdirizak alikuwa ameshakaa nyuma ya Redio, ufunguo mkono mmoja na simu sikioni mkono wa pili.

– Fardowsa? Hapana, si karatasi. Miiba. Ndiyo, miiba. Nikija nitakueleza.